Mhadhara wa Tone na Karatasi

Mabibi na mabwana, makrezeri mnaochimba na wanegosia mnaonunua, na bakubwa wote wa Kolwezi mlioketi mbele bila kualikwa! Sihitaji kutambulishwa, kwa hiyo nitajitambulisha mwenyewe. Mimi ni Daktari wa Madini, Profesa wa Matone, Mshauri wa wasioomba ushauri. Vyeti vyangu viko njiani kutoka Lubumbashi; barabara mnaijua mvua ikinyesha.

Mada ni kromatografia. Mrusi Mikhail Tsvet, aliyeieleza mbinu hii mjini Warsaw mwaka 1903, alitenganisha rangi za majani kwa kuzipitisha kwenye unga wa chokaa. Majani! Angezaliwa hapa, kando ya shimo la Mashamba, asingepoteza wakati na mboga.

Sisi tunatumia karatasi. Jiwe husagwa, huyeyushwa kwa asidi, tone lake huwekwa karibu na ncha ya karatasi ya kuchujia, nayo husimamishwa ndani ya chupa yenye asetoni na asidi hidrokloriki kidogo. Kimiminika kinapopanda, kila metali huenda mwendo wake: chuma hukimbilia juu, shaba ikafuata, kobalti huchokea katikati, nikeli haibanduki chini, kama mimi mwenye nyumba anapobisha hodi. Kisha ifukizeni karatasi amonia, muipulizie asidi ya rubeaniki: shaba hutoka kijani cha zeituni, kobalti manjano ya kahawia, nikeli buluu.

Sasa makosa. Mstari wa kuanzia, pale tone linapowekwa, huchorwa kwa penseli. Penseli! Msomi mmoja aliuchora kwa biki. Wino ukapanda, akaona doa la buluu, na kabla hajapuliza dawa yoyote akampigia mnunuzi simu: nikeli! Nikeli gani hiyo yenye kupanda ngazi?

Tone lisizame kwenye kimiminika, litaishia chupani. Chupa ifunikwe. Vidole vya mafuta visiguse karatasi. Mengine ni ya watoto.

Kosa lenyewe hasa hufanyika kabla ya maabara, kwenye gunia. Humo mna heterojeniti nyeusi yenye kobalti, malakiti ya kijani yenye shaba, na udongo usio na kitu. Muuzaji huchota juu, alikopanga mawe mazuri. Mnunuzi huchota chini, ulikojikusanya udongo. Wote wawili wanasema wamechukua sampuli. Mwageni gunia lote! Pondeni, changanyeni, gaweni mafungu manne, mchukue mawili yanayotazamana, mrudie mpaka kibaki cha kujaa kiganja. Hapo ndipo muisumbue karatasi yangu.

"Profesa, karatasi itasema asilimia ngapi?"

Swali zuri, yaani la kuudhi. Doa peke yake halitaji asilimia. Pembeni yake weka matone ambayo kiwango chake unakijua, ulinganishe. Ndiyo maana kule soko la madini la Musompo mawe hupimwa kwa mashine ya mkononi, ile mnayoiita Metorex: inapiga jiwe kwa eksirei, namba inatoka papo hapo. Nayo husoma uso ulioelekezewa tu, na jiwe likilowa namba hushuka.

Kijana wa nyuma, shusha mkono. Nani anaishika hiyo mashine, hilo si swali la kemia.