Mgeni Asiyetaka Kukaribishwa Ndani

Bonsai nyingi za junipa huuawa na watu wenye roho nzuri. Mtu katili angeuacha mti uani, mvua iunyeshee, theluji iuangukie, na mti ungestawi kwa raha zake.

Muuguzi mmoja Mkenya anayeishi Baltimore ni mwema kupindukia. Desemba moja alinunua kijunipa cha Kijapani, kile kitambaacho ambacho wataalamu wa mimea hukiita Juniperus procumbens, kwenye kibanda cha zawadi za Krismasi. Kokoto za juu zilikuwa zimegandishwa kwa gundi zisimwagike njiani, hivyo maji yalitelezea pembeni badala ya kupenya. Kwao Nyandarua mgeni aliyefika usiku wa baridi haachwi nje. Basi akauingiza mti sebuleni, akauweka karibu na hita upate kuota moto.

Junipa ni mti wa nje na wa jua. Msimu wa baridi unahitaji kulala, na usingizi huo haupatikani penye hita na televisheni. Ubaya wake ni kwamba ukifa hautoi taarifa: mizizi inaweza kuwa imekufa kitambo, majani yakabaki ya kijani kwa wiki kadhaa. Muuguzi huyu, ambaye wodini humtambua mgonjwa mahututi akiwa bado mlangoni, aliendelea kumnywesha marehemu hadi Februari. Alishtuka siku alipoupangusa vumbi, nusu ya mti ikabaki kwenye kitambaa.

Wa pili aliununua Aprili, kitaluni, na huo ukakaa roshani. Kuubadilishia udongo na kupunguza mizizi alifuata maelekezo, kwa hiyo hapo hakuna la kusimulia.

Kasheshe ilikuwa maji. Mafundi wa Japani husema kunywesha tu mtu hujifunza miaka mitatu, kwa sababu kazi yenyewe haina ratiba: unachomeka kidole udongoni, ukianza kukauka unamwaga mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, ukiwa na unyevu unaondoka zako. Muuguzi amezoea dawa za kila baada ya saa nane, akaupangia mti zamu kama za wodini. Lakini asichekwe sana. Mwaka 2019 wezi waliiba bonsai saba mkoani Saitama, jirani na Tokyo, mmojawapo ukiwa junipa wa miaka 400 hivi. Mke wa mwenye bustani hakuwalaani. Aliwaomba hadharani wainyweshe. Yaani hata mwizi hupewa somo la maji.

Julai akaja shemeji kutembea.

"Shemeji, huu mti una nywele nyingi," alisema, mkasi tayari mkononi.

Tawi moja alilinyoa kipara. Tawi la junipa lisilobakiwa na jani hata moja halichipui tena, nalo likakauka. Bahati nzuri Wajapani wana sanaa nzima ya kuchuna gome la tawi lililokufa na kulipaka mchanganyiko wa chokaa na salfa hadi ling'ae kwa weupe, na hadi leo shemeji anashikilia kwamba ndivyo alivyokusudia. Mchanganyiko huo hunuka mayai viza. Waliupaka jioni, upepo ukaipeleka harufu chini, na jirani wa ghorofa ya pili akawapigia simu watu wa gesi.

Vuli ilipita salama. Januari majani yakaingia rangi ya zambarau na kahawia, jambo la kawaida kabisa kwa junipa kwenye baridi kali, maana ukijani hurudi joto likirejea. Ila nani angemwambia? Chungu kilikuwa tayari kifuani, mlango wa sebule wazi. Kilichouokoa mti ni kumbukumbu ya msonobari aliouona Washington, kwenye jumba la bonsai la National Arboretum: mti uliotunzwa chunguni tangu 1625, ulionusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945, kisha Japani ikaitunukia Marekani mwaka 1976. Akawaza kwamba mti ule ulilishinda bomu la atomiki, lakini sebule yake usingeiweza. Akakitia chungu kwenye sanduku la vipande vya maganda ya miti, akalisogeza ukutani mbali na upepo, akajifungia ndani peke yake.

Jumapili alimpigia baba yake kumweleza kwamba mti anaoulea ni wa ukoo mmoja na mtarakwa. Na ni kweli: mtarakwa ndio junipa pekee uotao kiasili hata kusini mwa ikweta, na kwenye milima ya Aberdare hupita mita 30. Mzee, ambaye boma lake lote limezungushiwa nguzo za mtarakwa, aliuliza huo wa Marekani umefika wapi.

"Sentimita ishirini, Baba."

"Ni mbuzi wanaula?"

"Hapana, Baba. Naupunguza mimi mwenyewe, kwa mkasi."

"Na huko hospitalini bado wanakuandika kazi?"