Kope za Zohali

Binti aliyesimamia darubini hakucheka, na hilo ndilo linaloniuma tangu Jumamosi. Angecheka tungeyamaliza palepale. Alisubiri nimalize kumtukuza Mungu kwa sauti, kisha akaninong'oneza kwa adabu zote: "Samahani anko, hizo ni kope zako."

Nilikuwa nimeshatangaza. Foleni nzima ilinisikia nikieleza kwamba pete za Zohali ni nyeusi, zimejikunja, na nikipepesa jicho zinacheza.

Nijitetee. Mwanga wote unaonaswa na kioo kipana kama sinia hutokea upande wa pili ukiwa kiduara kidogo kuliko punje ya mtama, kinachoelea nje kidogo ya tundu la kutazamia. Mboni inatakiwa ikikute hapohapo kinapoelea. Ukibandika jicho kama mpangaji anayechungulia tundu la ufunguo, kope zinafagia kioo, na utaona kope. Wakati huohuo Dunia haikungoji. Inazunguka nyuzi 15 kwa saa, ndiyo maana Mwezi huhama upana wake mzima kwa dakika 2 hivi, na darubini ikikuza sana Zohali inateleza nje kabla hujamaliza bismillahi. Binti anairudisha, mwenye kitambi anaigonga, binti anairudisha tena. Galileo mwenyewe mwaka 1610 alidhani Zohali ni nyota tatu zilizobanana. Mwaka 1612 mbili zikamtoweka, akabaki ameduwaa. Ilisubiriwa hadi 1659 ndipo Huygens akaandika kwamba ile ni pete. Miaka 49! Mimi nilipewa sekunde 20.

Tena mwanga ule ulitumia saa moja na ushei kutoka Zohali hadi Upanga. Mimi kutoka Mbagala nilitumia saa mbili na nusu, nimesimama.

Kope nimesamehe. Nisichosamehe ni mhadhara uliotangulia: saa nzima ya Kiingereza, Mtanzania akiwahutubia Watanzania, katikati ya Dar es Salaam. Kiswahili kilihitajika mara mbili tu, simu zizimwe, na mwenye Noah nyeupe akaitoe getini. Kumbe mambo ya maana yanasemeka! Lugha yenye Zohali, Mshtarii na Zuhura, yenye Kilimia iliyopewa jina kutokana na kulima, ikaachiwa kazi ya kuelekeza magari. Nilikuwa na swali: kwa nini pete hazianguki? Nikakaa nalitafsiri kichwani, nikitafuta wapi pa kuweka "does" na wapi "do", na lilipoiva kipaza sauti kilikuwa kimeshapita safu yangu. Mzee wa pembeni naye alikuwa na lake. Nililiona limemkaa shingoni. Tulitoka kimya, watu wazima wawili, kama tuliofukuzwa darasani kwa kukosa ada. Nilifika kwenye darubini nikiwa na hamu ya kusema chochote, kwa sauti, kwa Kiswahili. Matokeo unayajua.

Sijaacha kwenda mihadharani. Jumatatu, kwenye ule wa volkano, nilikosea mlango, nikasikiliza kikao cha SACCOS hadi wakachagua mweka hazina.

Jana, kwenye mhadhara wa malaria, nilipiga kofi kuua mbu. Ukumbi ukadhani tumemaliza, ukaitikia kwa makofi, na mtoa mada akashukuru akakaa, kabla hajafika kwenye dawa.