Sisi wa Mstari wa Nyuma

Ukitaka kujua nani amezaa katika darasa la mazoezi la Jumamosi asubuhi, usihangaike kuangalia matumbo. Angalia nani anawahi mstari wa nyuma, karibu na mlango wa choo. Kocha akipaza sauti, "Kichurachura, ishirini!" mabinti wa mbele wanaruka huku wanacheka. Huku nyuma kila mtu anapata dharura. Mmoja anafunga kamba za viatu, mwingine anatafuta chupa ya maji aliyoishika mkononi, mwingine anapokea simu ambayo hakuna aliyeisikia ikiita. Na sote taiti nyeusi. Taiti ya kijivu ni ya watu wasio na siri.

Siri yenyewe kila mmoja wetu anaijua na hakuna anayeitaja: mkojo unavuja. Si mwingi, ni matone tu, lakini yanakuja yanapotaka yenyewe. Ukiruka, ukicheka, ukikohoa, ukimnyanyua mtoto. Chafya ndiyo usiseme. Juzi kwenye foleni ya benki nilimwona mama mmoja mtu mzima, kajipamba na kitenge chake kizuri, chafya ikamnyemelea. Akabana miguu, akashika kaunta kwa mikono miwili, akafumba macho. Wanaume walidhani anasali. Sisi wanawake tuliangalia pembeni kwa heshima.

Nikajipa moyo nikamfuata kocha pembeni. "Kocha, huku kurukaruka kunatusumbua sisi kina mama." Kijana ana miaka ishirini na kitu, tumbo limegawanyika vipande vipande, na kwa imani yake mwanamke ameumbwa kwa kitambi na makalio, basi. Akanijibu kwa adabu zote: "Mama, uwe unaenda haja kabla ya darasa." Mwanangu, tunaenda! Tunaenda nyumbani, tunaenda tukifika, tunaenda kati ya kupasha mwili na kamba. Hata kibofu kikiwa na kijiko kimoja, hicho kijiko kitatafuta njia.

Shida haipo kwenye kibofu. Chini kabisa ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele mpaka kwenye kifandugu nyuma. Hiyo ndiyo imebeba kibofu, mji wa mimba na utumbo wa mwisho, na ndiyo inayofunga na kufungua njia. Haifanyi kazi peke yake. Inashirikiana na kiwambo cha pumzi, misuli ya ndani inayozunguka tumbo, na ile midogo ya uti wa mgongo. Ukivuta pumzi, kiwambo kinashuka na misuli ya chini inashuka kidogo. Ukitoa pumzi, vinapanda pamoja. Sasa beba mimba miezi tisa juu yake, pitisha mtoto hapo, kisha ongeza kikohozi kisichoisha, kufunga choo, na ndoo ya lita 20 kichwani. Halafu kijana anakuamuru ubane pumzi upige sitapu. Msukumo wote unaenda chini, kwenye misuli ambayo ilishachoka zamani.

Na tusisingizie uzazi peke yake. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walichapisha habari za mabinti wa mchezo wa trampolini, wasichana ambao hawajazaa, na asilimia 80 walisema wanavujiwa wakiwa mazoezini. Kwa hiyo hata hao mabinti wetu wa mstari wa mbele nina mashaka nao. Yule wa taiti ya pinki siku hizi naona anasogea sogea nyuma.

Kinachonikera zaidi ni kwamba sisi watu wa pwani hatujawahi kuwa wavivu wa kumhudumia mzazi. Siku arobaini unakandwa kwa maji ya moto mpaka unaomba radhi, unanyweshwa uji wa pilipili manga, unafungwa tumbo kwa mkaja. Mkaja umeingia mpaka kwenye mahari: mama wa bibi harusi anapewa chake, kwa heshima ya tumbo alilolifunga alipomzaa. Vizuri sana. Lakini katika mabibi, mashangazi na makungwi wote walionizunguka, wenye ushauri mpaka wa namna ya kulala, hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Mwanangu, huko chini kunakaza?"

Siku hizi mkaja umepata mrithi, huu mkanda wa mpira wa kupunguza tumbo. Muuzaji wangu wa Kariakoo alinifunga mpaka nikaanza kuongea kwa kunong'ona. Barafu ya ubuyu ya kwenye kifuko, ukiibana juu inatokea wapi? Na misuli miwili ya mbele ya tumbo, ile inayoachana katikati wakati wa mimba na kwa wengine ikachelewa kurudiana, haiunganishwi na mpira. Inahitaji mazoezi ya taratibu yanayoanzia ndani, na hayo hayauziki kwa sababu hayaonekani kwenye picha.

Aliyeyapa umaarufu mazoezi ya huko chini ni daktari wa wanawake wa Marekani, Arnold Kegel, mwaka 1948. Mwanamume, ndiyo, na akaunda na kifaa cha kupima nguvu ya kukaza. Zoezi lenyewe halihitaji taiti wala muziki. Jifanye unazuia ushuzi mbele ya baba mkwe: kaza, vuta kwa ndani na juu, shikilia kwa sekunde kadhaa, legeza kabisa. Makalio yasishiriki, mapaja yasishiriki, pumzi isibanwe. Wataalamu wanashauri angalau mara 8 kwa mpigo, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu bila kukata tamaa. Usifanye hivyo ukiwa unakojoa, maana kuzoea kukatiza mkojo kunakiharibia kibofu utaratibu. Na kabla ya chafya, kaza kwanza ndipo upige.

Rahisi kusema. Mimi nafanyia kwenye daladala, foleni ya Mwenge ikikolea, na uso wangu hauna siri. Kila nikikaza, kondakta anagonga bodi: "Shusha mama!"

Kulegeza nako ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu tunayoisahau. Wapo ambao misuli yao imekaza kupita kiasi, wana maumivu, na kukaza zaidi ni kuwaongezea. Hao waende kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Na anayevuja mchana na usiku bila kukoma baada ya uchungu wa muda mrefu, hiyo huenda ni fistula, jambo jingine kabisa, na hospitali ya CCBRT hapa Dar es Salaam imekuwa ikiitibu bila malipo. Ufaransa mzazi akitoka leba, bima ya serikali inamlipia vipindi vya kuirudisha misuli hiyo. Mimi nilitoka leba na kadi ya chanjo ya mtoto na maelekezo ya kutokula ndizi mbichi.

Basi nikamrudia kocha, safari hii na shoga zangu wawili wa mstari wa nyuma, tukamweleza moja kwa moja bila mafumbo. Kijana aliangalia viatu vyake muda wote. Mwisho akauliza, "Sasa mama, nitajuaje kama mnakaza?" Hutajua, baba. Wewe tuambie tutoe pumzi tukinyanyua, tupunguzie kichurachura, mengine tuachie wenyewe.

Siwezi kusema hakusikia. Wiki hii kabandika tangazo mlangoni: Darasa Maalumu la Nyonga kwa Kina Mama, shilingi elfu kumi za ziada kwa mwezi. Kwenye picha kuna binti mwenye tumbo bapa, kavaa taiti ya kijivu. Hajazaa huyo. Namfahamu, ni mdogo wake kocha.