Shangazi, Nimelipigia Goti Jiko

Shangazi,

Mimi mzima, ila vidole vya miguu sina habari navyo tangu Novemba.

Uliniuliza kwenye simu kama huku Uingereza nasali. Nasali, tena nikiwa na suruali mbili ndani ya gauni. Kanisa la kijiji tunachokaa lina miaka 800, na nadhani baridi yake ni ya umri huohuo, haijawahi kutoka nje. Hapo kale watu walitandaza nyasi sakafuni, basi. Baadaye wenye nazo wakajizungushia mbao, kila familia na kibanda chake chenye mlango ili upepo usiwaguse, na wengine wakajenga humo mahali pa kuota moto. Padri anahubiri, bwana mkubwa anachochea.

Juzi nilipelekwa Tewkesbury. Kanisa lile lilikuwa la watawa. Mfalme Henry VIII alipowafukuza, wenyeji wakalinunua kwa pauni 453 liwe la parokia yao. Nimeingia tu, nakutana na dude la chuma, la duara, refu kunipita, lina mapezi kuzunguka mwili mzima na taji kichwani. Nikajua huyu ni mkubwa wa hapa. Nikapiga goti.

"Dada, hilo ni jiko," akaninong'oneza mwenzangu.

Kumbe ni kazi ya Goldsworthy Gurney wa Cornwall, daktari wa upasuaji aliyeacha visu akaunda mpaka gari la mvuke. Jiko alilisajili mwaka 1856. Yale mapezi ni ya kutawanya joto, na chini lilikalishwa kwenye beseni la maji ili hewa isikauke. Zamani lilikula makaa ya mawe, siku hizi ni gesi. Nilisikiliza maelezo yote nikiwa bado nimepiga goti, maana pale palikuwa na joto.

Huku kijijini tunakokaa hakuna jiko la kuvaa taji. Kuna mabomba ya maji moto yaliyofukiwa kwenye mtaro katikati ya kanisa na kufunikwa kwa vyuma vyenye matundu. Joto likitoka humo linapaa moja kwa moja darini, kwa malaika waliochongwa kwenye mbao. Wale wanaota moto wa bure. Sisi tunaotoa sadaka tunaangalia pumzi zetu zikifuka kama sufuria ya makande.

Sasa Jumapili iliyopita nakwenda kupokea komunyo, kisigino cha kiatu kikazama tunduni. Navuta, hakitoki. Foleni ikanikwepa kwa adabu, kila mmoja akiniomba radhi kana kwamba kisigino ni chake. Mzee mtunza funguo akaenda kutafuta bisibisi, nami nikabaki nimesimama juu ya bomba wimbo mzima, joto likinipanda magotini, kiunoni, mpaka nikafungua koti. Shangazi, nilikuwa nyumbani Muheza!

Ukipata mtu wa kuja huku, usinitumie khanga tena. Nitumie lile blanketi la babu.

Viatu havijambo. Jumapili hii navaa vilevile.

Mwanao