Ukubwa wa Bodi
Karakana za Shenzhen zichapazo bodi za saketi zimeuwekea ukarimu wao mpaka: ndani ya milimita 100 kwa 100, mtu hupata bodi tano kwa dola chache, akiuvuka, bei hupanda bila ya hodi. Hata hivyo hawakosekani mastadi wa sebuleni ambao, hali haja yao ni bodi moja, huagiza ya kadiri ya sinia la pilau, wakapokea tano, kwani pungufu ya hizo aghalabu haziuzwi. Ukiwadai hoja, watakutajia 6502, prosesa ya mwaka 1975 yenye kipande cha silikoni kisichofika milimita 5 kwa upande, ambayo Eric Schlaepfer aliiunda upya kwa transista mojamoja juu ya bodi ya inchi 12 kwa 15, ikaenda takriban sehemu moja ya ishirini ya mwendo wa asili. Basi na ijulikane kuwa taadhima ya chombo haipimwi kwa wepesi wake, bali kwa kadiri kinavyowanyima watu wa nyumba meza ya kulia.