Sifa za Gesti ya Stendi

Gesti ya stendi ni nyumba ya kulala wageni iliyo hatua chache kutoka mabasi yanapoegeshwa, yenye vyumba vya bei ya chini, kuta zilizopakwa rangi ya mafuta nusu ya chini ili uchafu usionekane, na jina linaloahidi amani, faraja au pepo. Ipo Morogoro, Dodoma, Singida na Kahama. Ng'ambo ya mpaka ipo Voi na Nakuru, ambako huitwa lojing'i. Waliowahi kulala humo huisema vibaya bila kuchoka. Lawama zao zinatokana na kuipima kwa kipimo cha hoteli. Kazi ya hoteli ni kumfanya mgeni asitake kuondoka. Gesti ya stendi ina kazi iliyo kinyume kabisa: kuhakikisha abiria wa basi la saa kumi na mbili asubuhi hapitiwi na usingizi hata basi likamwacha. Katika kazi hiyo haina mpinzani, na kila kinachoitwa kasoro yake ni kitendea kazi.

Kustawi kwake Tanzania kulitokana na amri ya barabarani. Kwa takriban miaka 30 mabasi ya abiria yalizuiwa kusafiri usiku kucha, kwa sababu ya wingi wa ajali. Basi la Dar es Salaam kwenda Bukoba halikuweza kumaliza safari kwa mchana mmoja. Usiku ulilikuta njiani, abiria wakashuka Singida au Kahama kutafuta pa kulaza mbavu. Asiyekuwa na fedha ya chumba alibaki kitini, shingo imepinda. Mji mzima wa vyumba ulikua kwa mtindo huo kuzunguka kila stendi. Dar es Salaam yenyewe, Ubungo na Manzese zilijaa gesti enzi ambazo mabasi ya mikoani yalikuwa yakiondokea Ubungo, na stendi mpya ilipozinduliwa Mbezi Luis Februari 2021, biashara ya vyumba nayo ikaanza kuifuata huko.

Mgeni hupokewa kwenye kidirisha chenye nondo. Nyuma yake kuna mhudumu aliyeamshwa, na mbele yake daftari la wageni lililopigwa mistari kwa rula: jina, kabila, kazi, atokako, aendako, namba ya chumba, sahihi. Daftari hilo halijathaminiwa inavyostahili. Humo kazi iliyoenea kuliko zote nchini ni biashara, majina ya watu ni mafupi kuliko yalivyo kwenye vitambulisho, na mwanamume aliyefika na mwenzake saa tatu usiku bila begi huandika kwamba anatoka mbali. Halisomwi na mtu isipokuwa askari anapopita kukagua, kwa hiyo waandishi wake hutunga kwa uhuru ambao watunzi wengi wa riwaya wangeuonea wivu.

Baada ya hapo hutolewa ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha mbao kikubwa kiasi kwamba hakuna mfuko wa suruali unaokipokea. Kitasa hakifunguki kwa ufunguo peke yake. Mhudumu humfundisha mgeni kuunyanyua mlango kwa bega, kuuvuta kidogo, kisha kuzungusha nusu. Mwizi ambaye hakupata mafunzo hayo atahangaika mpaka kuche, ingawa ni kweli pia kwamba mgeni mwenyewe akitaka kutoka kwenda msalani usiku huwa katika hali ileile.

Chumbani kuna kitanda cha tano kwa sita, stuli ya plastiki, na ndala mbili ambazo mara nyingi zote ni za mguu wa kushoto, zimechorwa namba ya chumba ili asitokee wa kuzitamani. Droo ikifunguka, Agano Jipya na pakiti ya kondomu hukutwa zimelala pamoja bila ugomvi, kila kimoja kikimngoja mteja wake. Feni ina namba tano lakini inatii moja tu, ile ya mwisho, na kwa namba hiyo hutikisika kwa namna inayomfanya aliyelala chini yake atafakari maisha yake. Godoro limebonyea katikati kwa umbo la wote waliotangulia. Chandarua kimefungwa mafundo palipotoboka. Tundu moja husahauliwa, na mbu anayelipata huingia, kisha hashughuliki tena kutafuta pa kutokea.

Sifa kuu, hata hivyo, anastahili kunguni. Kitandani humo anaweza kuwa wa spishi yoyote kati ya mbili, Cimex hemipterus wa nchi za joto au Cimex lectularius aliyeenea kote duniani. Mkubwa ana urefu wa milimita 5 hivi, ni bapa, hana mabawa yanayoruka, na mchana hukaa kwenye mishono ya godoro, nyufa za chaga na nyuma ya picha ya maporomoko ya maji iliyotundikwa ukutani. Hulifuata joto la mwili na hewa anayoitoa mgeni kwa kupumua. Kwa hiyo, ingawa kabila limekwisha kuandikwa daftarini, yeye hana haja ya kulijua. Akifika hutoboa ngozi, hutia mate yanayofisha maumivu na kuzuia damu kuganda, hunywa kwa dakika 5 hadi 10, kisha hurudi kwake. Ustaarabu huo haupatikani kwa siafu wala nyuki. Mwasho huja baadaye, pamoja na vipele vilivyojipanga mstari kama vishikizo vya shati, na mgeni huwasha taa kwa ghafla ili amfumanie. Kinachoonekana ni madoa meusi kwenye ukingo wa godoro na shuka lisilo na mtu wa kulaumiwa.

Tangu anapoanguliwa hadi kukomaa hupitia hatua tano, na kila hatua hudai mlo wa damu. Jike huweza kutaga mayai mia mbili na zaidi maishani mwake. Wateja wakikosekana, kunguni huweza kustahimili miezi bila kula, subira ya kibiashara ambayo mwenye gesti mwenyewe hana. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, wenyeji halisi wa chumba hicho waliwaelewa kuliko mtu yeyote. Haijathibitishwa kwamba kuumwa naye huambukiza ugonjwa, jambo ambalo mbu hawezi kujivunia. Dawa ya DDT ilimpunguza sana duniani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, lakini hakuchelewa kujenga usugu, na mwaka 2023 alizua taharuki katika jiji la Paris, mwaka mmoja kabla ya Olimpiki. Wafaransa walishtushwa na huduma ambayo abiria wa Kahama amekuwa akiipata bila nyongeza ya bei.

Bafu halihitaji maneno mengi. Kuna ndoo, kopo na bomba kavu. Mgeni hulifungua, huona halitoi kitu, husahau kulifunga. Maji huja saa nane usiku kwa mngurumo wa hewa na kumwamsha yeye na majirani. Palipo na hita ya umeme iliyofungwa juu ya bomba la kuogea, kuligusa bomba kwa mkono uliolowa hutoa mshtuko unaomaliza kabisa suala la usingizi. Hiyo, kwa haki, ni kasoro ya kweli, na fundi wa umeme angefaa kuitwa.

Kelele zina mpangilio. Baa ya jirani hushika zamu hadi saa sita au saba. Kwa kuwa kuta za kugawa vyumba hazifiki darini, zamu inayofuata huendeshwa na wageni wenyewe: anayekoroma, anayehesabu fedha kwa sauti, na yule wa namba nne anayemhakikishia mkewe kwa simu kwamba yuko Mbeya, ilhali honi za stendi ya Singida zinasikika hadi upande wa pili wa laini. Saa kumi alfajiri mlinzi hupita akigonga milango yote kumtafuta abiria mmoja wa Mwanza, kisha adhana, jogoo na makondakta humalizia kazi. Tangazo ukutani linasema mwisho wa kuondoka ni saa nne asubuhi. Ni nadra sana mgeni kukutwa chumbani na saa hiyo.

Begi lililolala chini huenda limepata abiria wa ziada, kwa maana kunguni husambaa zaidi kwa mizigo kuliko kwa miguu yake. Mwenye busara hulitundika msumarini, na akifika kwake hufua nguo zote kwa maji ya moto kabla hazijakaribia kitanda.

Mwaka 2023 Tanzania iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, na abiria wa Bukoba akapata njia ya kupita Singida amesinzia bila kushuka. Wengi walidhani huo ndio mwisho wa gesti ya stendi. Lakini mabasi hayo nayo hushusha watu saa nane na saa tisa usiku, wakati ambao hakuna ndugu wa kugongewa mlango. Wateja wa amri wamepungua. Wanaolala humo sasa wamejipeleka wenyewe, na bado wanalipa kabla ya kuoneshwa chumba.