Tai Mpenda Elimu

Tai alitua kwa Bata Maringo, mwenye kisiwa cha barafu. Mwenye kwa hati, yaani. Aliyeishi kisiwani ni Sili, naye hakuitwa kikaoni.

"Naomba nichimbe kidogo," alisema Tai. "Nia yangu ni elimu."

"Elimu haikatazwi. Ila mayai ya moto sitaki kwangu."

"Na nikiyaleta, ungependa nikuambie?"

Bata Maringo alikohoa, akatazama baharini. Tai alikichukua kikohozi kile kuwa kibali.

Ukachimbwa mji mzima chini ya barafu: vyumba vya kulala, kanisa, kinyozi, hata kinu cha nyuklia cha kuwasha taa. Waandishi walialikwa wakapiga picha, wakasifu sayansi. Hawakuonyeshwa ramani iliyokuwa mvunguni: mahandaki ya kilometa 4,000, na ndani yake mayai 600 yakihamishwahamishwa ili Dubu, jirani wa ng'ambo, asijue ayavunje wapi.

Sili akabisha hodi. "Mzee Tai, barafu hii hutembea."

"Una shahada gani, mwanangu?"

Barafu ikatembea. Kuta zilibana, dari likakishukia kinu, vijana wa Tai wakashinda na misumeno wakichonga njia iliyoziba tena kabla hawajapumzika. Kinu kikang'olewa. Yai hata moja halikufika.

Waliofanikiwa ni wale wachache walioletwa wawe pazia. Mwaka 1966 walitoboa barafu mita 1,387 hadi kwenye udongo, na jamaa mmoja wa ukoo wa Bata akasoma humo hali ya hewa ya miaka 100,000 hivi. Tai alikuwa amesema kweli bila kukusudia.

Akaruka zake, uchafu akauacha. Theluji ingeufunika milele, alisema. Sasa kisiwa kinayeyuka, na limeundwa baraza la utafiti wa nchi za baridi, wanachama saba, kila mmoja akiwakilishwa na wizara yake ya ulinzi. Elimu tu, wanasema. Sili hana kiti.

Kwa wapendao majina: mji ule ni Camp Century, Greenland, uliojengwa na jeshi la Marekani kuanzia 1959 na kuhamwa 1967. Wadenmark walielezwa habari za mpango wa makombora miaka ya 1990. Dizeli inayokadiriwa kuwa lita 200,000 bado imo barafuni, na mpaka leo hakuna aliyekuja kuizoa.